Tenga Lililosimama Katikati ya Mto

Haya jamani, kina mama mliokaa huku mbele, na nyie kina baba mnaojifanya mmekuja kusindikiza tu: shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Mwenye kukohoa akohoe sasa. Mwenye mtoto analia ampe ziwa. Mimi shule sikusoma hata darasa la vumbi, kwa hiyo msiningojee nifungue kitabu, nikikifungua nitakishika juu chini. Mimi nina mdomo tu. Na mdomo huu ukishaanza kazi, hata mvua inasimama kusikiliza.

Mnaniuliza niliingiaje kwenye dini. Niliingia kwa tenga. Tenga la kabichi.

Zamani mimi sikuwa na dini ya kueleweka. Idi nilikuwa Mwislamu kwa sababu ya pilau. Krismasi nilikuwa Mkristo kwa sababu ya pilau hiyo hiyo. Kama kungekuwa na dini ya tatu yenye pilau, ningeifuata Jumatano. Mungu nilimjua kama mnavyomjua mkuu wa mkoa: yupo, ana gari, hapiti kwenu.

Tulikaa juu kabisa, Uluguru, mahali ambapo ukidondosha kiazi mlangoni unakwenda kukiokota Mlali, kule bondeni, kikiwa kimeshamenywa. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Viongozi walipanda mpaka kwetu, wanahema kama mvukuto, wakatuambia tushuke tukakae pamoja kwenye kijiji kipya ng'ambo ya mto. Huko kuna shamba la kijiji, kuna shule, kuna zahanati na nesi wake. Wengi walishuka. Mume wangu hakuwepo, alikuwa kibarua Morogoro mjini, anakuja mwisho wa mwezi na mche wa sabuni na maneno mengi. Mimi nilibaki kwa sababu mjomba alikataa. Alisema, "Makaburi ya ukoo yako hapa. Nayo mtayabeba kichwani?"

Na kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anapewa heshima yake na ugali wake, lakini mwenye neno ni mjomba. Mjomba akikohoa, nyumba nzima inashika kifua. Sasa kwenye tumbo la bibi yangu, yaani uzao wake, mwanamke nilibaki mimi peke yangu, na mimi nilikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike, mwaka mmoja na nusu, ananyonya bado. Yeye akiondoka, tumbo limefungwa, na ardhi inakwenda kwa wengine.

Nasema mmoja, lakini nilizaa watatu. Wawili nilishawazika.

Hapo sina utani, mniwie radhi. Wote wawili walikwenda kwa degedege. Mnaijua: mtoto anachemka, macho yanageuka yanabaki meupe, meno yanabana, mwili unakuwa kama ubao. Na siku hizo kila mtu kule juu alijua jambo moja: mtoto wa degedege ukimdunga sindano, anakufa hapo hapo. Nani alisema? Hakuna anayejua. Lakini kila mtu alimjua mtu aliyemjua mtu aliyeona. Kwa hiyo mtoto akishikwa, mlango unafungwa, mavi ya tembo yanachomwa, mnakaa kwenye moshi mnangoja. Yule wa pili nilimkumbatia nikambana kifuani kwa nguvu zote. Nilimbana hivyo hivyo mpaka mama mmoja akanigusa bega akaniambia, "Mlaze sasa." Sikuwa nimejua kwamba ameshakwenda. Nilikuwa nimebana mno.

Kwa hiyo huyu wa tatu sikumshusha mgongoni. Nilipika naye, nililima naye, nililala kifudifudi naye. Nasema ukweli, mgongo wangu ulianza kuota umbo lake, kama kiti kilichokaliwa miaka.

Sasa, kila Alhamisi mke wa katekista alikuwa anakusanya wanawake barazani kwake, tunamenya maharage, yeye anatusimulia habari za wanawake wa kwenye Biblia. Mimi nilikuwa nakwenda kwa ajili ya umbea. Na kusema kweli wale wanawake wa Biblia walikuwa na mambo kuliko majirani zangu! Kuna mmoja, mjakazi, alifukuzwa yeye pamoja na mwanawe mpaka jangwani. Maji yakaisha. Akamlaza mtoto chini ya kichaka, akaenda kukaa mbali, akageuza mgongo, asimwone akifa. Hiyo niliisikia nikajifanya najikuna.

Lakini Alhamisi iliyofuata akaja na yule aliyemweka mtoto kwenye kikapu. Mfalme ameamuru watoto wa kiume wauawe. Mama akamficha wake mpaka hafichiki tena. Akatengeneza kikapu, akakipaka lami, akamlaza mtoto, akakiweka mtoni kwenye majani. Hapo mimi nikaangua kicheko mpaka maharage yakamwagika.

"Mama gani huyo?" nikasema. "Anamtupa mtoto mtoni! Mimi hata mamba waje na barua ya serikali yenye muhuri, mwanangu siwapi!"

Mke wa katekista hakukasirika. Alikuwa mwanamke mpole, hata kuku wake walikuwa hawakimbii. Akasema, "Hakumtupa, mwenzangu. Alimwachia."

"Tofauti yake nini?"

"Siku ukiijua, njoo unieleze na mimi."

Basi, ikaingia masika. Na ile masika, jamani! Mvua ilinyesha mpaka vyura wakatafuta pa kujibanza. Daraja la magogo likaenda na maji, kama kila mwaka. Kwetu daraja likienda hatukusumbuka sana, kwa sababu tulikuwa na kamba. Kamba nene ya katani, imefungwa kwenye mti huku na mti kule, juu ya mto. Unaning'iniza tenga lako kwa kulabu ya mti. Tenga lina kamba mbili nyembamba: wa ng'ambo anavuta ya mbele, wewe huku unashika ya nyuma ili lirudi. Njegere zinavuka, kabichi zinavuka, zinakwenda kuuzwa mjini. Mtu havuki. Mtu anangoja maji yapungue, hata wiki.

Asubuhi moja mtoto akaamka anawaka. Nilimgusa nikarudisha mkono, kama nimegusa jiko. Ziwa akalikataa. Jua halijapanda vizuri, macho yakageuka.

Mjomba akaja mbio na mavi yake ya tembo kwenye jani. Akafunga mlango. "Asitoke mtu," akasema. Tukakaa kwenye moshi. Degedege ikampata mara ya pili. Nikaangalia yale macho meupe, nikayajua. Yalikuwa macho ya wale wawili, yamerudi kunitazama mara ya tatu kwenye nyumba ile ile, moshi ule ule, mlango umefungwa vile vile. Nikaona kwamba nikikaa hapa najua kinachofuata, hata wimbo wa msibani nishaujua.

Nikamfunga mgongoni. Nikasema, "Mjomba, naenda chooni."

"Na mtoto?"

"Na yeye anataka."

Choo hicho kilinichukua siku tatu.

Nilishuka mlima ule kama jiwe. Sikupita njia, njia ilikuwa inanichelewesha. Nilianguka mara nne, mara zote kifudifudi ili asiumie. Nikafika mtoni. Loo! Ule haukuwa mto, ilikuwa milima mingine imelala inakimbia. Miti mizima inapita na mizizi yake, ngurumo mpaka meno yanatetemeka. Sikuwa nimefikiri kitu. Niliona tu moshi umebaki nyuma na zahanati iko mbele, mto nikausahau. Ndiyo akili yangu hiyo.

Nikamshusha. Alikuwa mlegevu, analia bila sauti. Nikamlaza chini ya kichaka, kwenye kanga. Nikasogea pembeni, nikageuza mgongo.

Nilipogeuza tu, nikajiona. Nikasema, ah, kumbe ndiyo mimi. Ndiyo yule mjakazi. Nililia, jamani, nililia mpaka nadhani mto uliongezeka.

Ndipo nikasikia mtu anapiga mbinja ng'ambo. Alikuwa baba mmoja wa kile kijiji kipya, Mwislamu, ana kofia ya kiua nyeupe pee, aliwahi kukata mkonge mashambani, ana mikono kama mapanga. Alikuja na wenzake wawili kupokea njegere za watu. Akaweka mikono mdomoni akapaza sauti:

"Dada! Una mzigo?"

Nikamwokota mwanangu nikamwinua juu kwa mikono miwili.

Yule baba akashusha mikono. Akawatazama wenzake. Halafu akafunga kamba, akanisukumia tenga.

Lilikuja tupu, linayumba. Ndani kuna jani moja la kabichi limenata. Nikatandika majani ya mgomba, nikamlaza na kanga yangu, nikafunika majani juu, nikakunja nikachomekea, hata tone lisipite. Huku mikono inafanya, moyo unaniambia, mwendawazimu wewe, unafanya nini? Nikapandisha mkono kuashiria: vuta.

Likaondoka. Likafika nusu. Likasimama.

Katikati kabisa, juu ya yale maji. Upepo unalitikisa. Wanavuta, haliendi. Wote watatu wakashika kamba wakavuta, wakajikunja kama wanang'oa mbuyu, wapi! Nikajua kulabu imenasa. Nikajua ndiyo basi, ataanguka mbele ya macho yangu. Yule baba akaanza kupiga kelele, mishipa ya shingo imemtoka, mimi nasikia mto tu. Ananionyesha kidole. Mimi? Anaonyesha mikono yangu.

Nikatazama. Kamba ya nyuma nilikuwa nimejizungushia mkononi mara tatu, na miguu nimekita kwenye mzizi, navuta. Watu watatu wanavuta kule na mimi mmoja navuta huku, na nilikuwa nawashinda! Kulabu haikunasa mahali popote. Aliyenasa ni mimi.

"Achia!" Sasa nikaliona neno mdomoni mwake. "Achia, dada!"

Kuiachia ile kamba maana yake ni kwamba tenga halirudi tena. Chochote kikitokea kule, mimi sitakuwepo. Nikamkumbuka yule mama wa kikapu niliyemcheka. Jamani, yule mwanamke alipata wapi vidole vya kufunguka? Vyangu vilikataa. Nilivifungua kimoja kimoja kwa meno. Nikasema kwa Kiluguru, maana Kiswahili kilikuwa kimeniisha, "Mulungu, huyu hapa. Mimi nimeshindwa." Kamba ikachomoka ikanichuna ngozi, alama hii hapa, kesho mwenye macho aje aione.

Tenga likaruka kama ndege. Yule baba akalidaka, akafunua majani, akaweka sikio kifuani kwa mtoto. Halafu akanigeukia, akajichoma mkononi kwa kidole: sindano? Nimpeleke wakamdunge?

Nikaitikia kwa kichwa mpaka shingo ikataka kukatika. Akambeba begani akakimbia.

Haikupita muda, mjomba akatokea, matope mpaka nyusi.

"Choo chenu siku hizi kiko mtoni?" Akanizunguka akanitazama mgongo. "Mtoto yuko wapi?"

Nikaonyesha ng'ambo.

Akakaa chini kwenye matope, mzee mzima. "Umemtupa," akasema. "Tumbo la bibi yako umelitupa kwa watu tusiowajua. Watamchoma sindano."

"Sijamtupa, mjomba. Nimemwachia." Nikajisikia mwenyewe nikisema.

Hakurudi nyumbani, na mimi sikurudi. Tukakaa kwenye kibanda cha kulindia ngedere, yeye kona ile mimi kona hii, kama majogoo waliochoka kupigana. Maziwa yalinijaa mpaka kifua kikawa mawe. Nikawa nakamua chini, yanaingia kwenye udongo, na kila tone najiuliza, nakamua ya mtoto aliye hai au nakamua ya marehemu?

Siku ya pili, alasiri, mjomba akasema, "Tazama."

Kule juu ya kilima, ng'ambo, mbali, alisimama yule baba wa kofia. Alisimama anatutazama. Mikono yote miwili ameiweka kichwani.

Hakuna Mluguru asiyejua maana yake. Mtu akisimama hivyo mbele yako, mikono kichwani, huna haja ya kuuliza, unauliza mazishi ni lini. Mjomba wangu, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata alipomzika mama yake, alitoa kilio ambacho ngedere walikikimbia, na hawajarudi. Mimi sikulia. Nilikauka. Nililala na uso kwenye udongo na nikamwambia Mungu maneno ambayo sikufundishwa na mtu. Sikumwomba anirudishie. Nilimwambia, sawa. Alikuwa wako kabla hajawa wangu. Ila nakuuliza moja: alipokuwa anakwenda, kuna mtu alimshika? Kama alishikwa na mtu, basi, asante. Na ni ajabu, pale chini kwenye matope, na maziwa yananitoka bure, niliona kama kuna mtu amekaa na mimi. Hakunijibu. Alikaa tu. Hapo ndipo nilipoipata dini, wenzangu, siku niliyoamini mwanangu amekufa. Msije mkadhani niliipata nilipofurahi.

Siku ya tatu maji yakapungua. Tukavuka tumeshikilia ile kamba, maji kifuani, mjomba ana jembe begani. Tunakwenda kuzika.

Tunaingia kijijini, wa kwanza kukutana naye ni yule baba, anatabasamu jino na jino. Nikamrukia nikamkunja shati. "Unacheka? Jana umeshika kichwa, leo unacheka?"

"Kichwa?" Akashangaa. "Kofia, dada! Upepo ule! Nilikuja kuwaonyesha kwamba mambo mazuri, upepo ukataka kuniondolea kofia, ninayo hii moja!"

Mjomba akatupa jembe chini. "Kofia! Mimi nimelia mpaka magego yamelegea, kumbe kofia!"

Na nesi akatoka zahanati na mtoto mkononi, mtoto ana macho meusi, meusi kabisa, yanatazama kuku. Nesi hanijui, akanikagua kifua kilicholowa, akasema, "Wewe mama, una maziwa? Huyu uji anautema. Tangu jana natafuta mtu wa kumnyonyesha."

Nikakumbuka yule mama wa kikapu mwisho wake uliishia vipi: binti wa mfalme aliokota mtoto, akatafuta mnyonyeshaji, akaletewa mama mwenyewe. Nikakaa chini hapo hapo mlangoni, nikampa ziwa, nacheka na kulia kwa mdomo mmoja.

Alhamisi nikaenda kwa mke wa katekista kumweleza tofauti, kama alivyoniagiza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamwuliza lililokuwa linanichoma: na wale wawili niliowafungia kwenye moshi? Mungu ananitazamaje? Aliacha maharage, akanishika huu mkono uliochunika. "Kamba yao bado umeishika," akasema. "Miaka yote hiyo unavuta. Nao waachie." Jamani, huyu mmoja nilimwachia kwa dakika chache. Wale wawili ilinichukua masika mbili, na siku nyingine bado najikuta nimeishika tena.

Basi nikafundishwa, ikafika Jumapili ya kubatizwa, mimi na mtoto. Kanisa likajaa mpaka watu wanapumua kwa zamu. Mjomba alikaa mbele, amepaka mafuta, anang'aa. Nikasema yule baba wa kofia lazima aje, awe Mwislamu, awe nani, bila yeye hakuna wa kubatizwa. Akaja, akakaa benchi la nyuma kabisa, mpole, hajawahi kuingia kanisani, anatazama kila kitu kama yuko kituo cha polisi. Padri akamshika mtoto, akainua chombo, akammwagia maji kichwani, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtoto akapiga yowe. Na kule nyuma yule baba akasimama wima, uvumilivu umemwisha:

"Jamani nyie! Mimi nimemvusha mto mzima hajalowa hata unyayo, nyie mnakuja kumlowesha ndani ya nyumba ya bati!"